Kiraka Kipi, Mjomba?

Juni 2

Mjomba, shikamoo.

Baba tulimpoteza katika uwanja wa ndege wa jeshi, kule mpakani, mwaka wa pili wa vita, nikiwa bado tumboni. Hatukuletewa hata kofia. Hali yako? Miguu je? Sisi tupo, ila dada yako hainuki tena kitandani. Anadai kitu kimoja tu: azikwe na mumewe. Nimzike wapi? Uwanja ulioachwa miaka yote sasa umeuzwa, zege lote linavunjwa mwezi huu. Wewe ulikuwa fundi mitambo palepale. Usinizungushe. Baba yuko wapi?

Mpwa wako

Juni 17

Mpwa wangu, marahaba.

Miguu ni ya mzee, inakwenda inapotaka yenyewe. Mpe dada pole.

Kazi ya baba yako ilikuwa kufukuza ndege, hawa wa mabawa, wasiingie kwenye injini. Tulimwita Kunguru, naye akicheka. Siku ile mlinzi wa mnarani akapiga ukelele: "Ndege! Ndege!" Sisi tukarukia handakini. Yeye akanyakua debe lake, akakimbilia njia ya kurukia, akiligonga. Neno hilo kila siku lilikuwa la kumwita yeye kazini. Tulimwita, hakusikia kwa kelele za debe.

Bomu likachimba shimo. Ndege zetu zilikuwa angani, mafuta yanaisha, lazima zitue. Mkubwa akaamuru: jazeni! Tukajaza kifusi, tukamwaga zege. Naye yumo. Nilishika koleo, mwanangu. Ningemwambiaje dada?

Mwacheni alale.

Mjomba wako

Jumatano, Juni 19

Mjomba, shikamoo.

Barua yako imenikata maini. Mama nimemsomea sehemu ya miguu tu; akacheka kidogo.

Kulala gani? Jumatatu matingatinga yanaingia, Baba auzwe kifusi, akatandazwe chini ya barabara ya watu. Nimemwaga zege tangu nikiwa kibarua, najua kulivunja bila kusaga kilicho chini. Nimekwenda, nimepima. Viraka vya zege, palipozibwa mashimo ya mabomu, ni vitatu: cha mnarani, cha katikati, cha upande wa mpaka. Mwenye uwanja kanipa Jumapili hadi adhuhuri. Kwa kompresa yangu navunja kimoja. Cha pili sikifikii. Nimempigia magoti, hataki kusikia.

Sitaki pole, Mjomba. Barua hii anakuletea dereva wa basi, namba yangu iko nyuma ya bahasha. Nipigie kabla ya saa sita mchana Jumamosi, useme neno moja tu. Kiraka kipi?

Mpwa wako