Madam, Mkutano Uliouitisha

Madam Kagendo,

Nakuandikia kwa sababu sijui nimwambie nani mwingine. Ofisini nikianza tu kusimulia, wananiambia nichukue likizo.

Ni ile kazi yetu ya sera ya maji, kule vijijini juu ya mji wa Nkubu. Unajua ilivyokuwa. Kijiji cha juu kilitaka bomba lipeleke chemchemi yote kwenye chai na mboga zao, cha chini kikaapa kulikata. Ulihangaika nao mpaka kikohozi kikakulaza, na bado walikataa kuketi pamoja. Kule hospitalini ulinishika mkono ukasema, "Muthoni, usipitishe kitu kama wa chini hawapo."

Tulikuzika Ijumaa. Jumanne ikawa siku ya mkutano uliokuwa umeupanga.

Nilienda peke yangu. Ilikuwa mchana, lakini ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba. Nilijua nitakuta viti vitupu upande mmoja. Nikakuta uwanja wa kanisa umejaa, wa juu na wa chini wamechanganyika, wametulia kama wanaosubiri ibada.

Nikauliza ni nani aliyewaita. Mama Kanana wa kijiji cha chini, yule aliyewahi kutufukuza shambani kwake, akanishangaa. "Si ni Madam? Alipita jana, nyumba kwa nyumba. Viatu mkononi, vile huwa akivuka mto."

Nikacheka. Sijui kwa nini nilicheka. Ndipo mzee M'Ikiara wa kijiji cha juu, ambaye haoni, akasema hata kwao ulipita. Alisikia kikohozi mlangoni, kisha sauti yako: "Kesho msikose." Alikukaribisha chai. Ulimwambia utakunywa siku nyingine.

Hawakuwa wamesikia, Madam. Hakuna aliyewapelekea habari. Ilibidi niseme mimi, nimesimama pale mbele yao, kwamba tayari tumekuzika.

Hakuna aliyelia. Mama mmoja alimvuta mtoto wake karibu. Wengine wakageuka polepole kutazama njia ya mtoni. Nami nikageuka. Palikuwa na ukungu tu, na jani moja la mgomba likitikisika, ilhali upepo haukuwepo.

Mama Kanana ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini, "Basi tusimweke amesimama. Tuanze."

Wakaanza. Tangi litajengwa kwenye mpaka wa vijiji, kila upande upate bomba lake, na mto uachiwe maji yake. Mambo yaliyokumaliza nguvu yaliisha mchana ule ule, bila mtu kupaza sauti. Ningefurahi. Lakini macho yangu yalirudi tena na tena kwenye njia ya mtoni.

Sasa mafundi wanachimba. Wanawake wa chini wamepanda mizizi ya nduma tena kando ya mto. Na watu bado wananipigia simu: mwambie Madam asante, tumemwona akipita. Mwanzoni niliwarekebisha. Siku hizi nasema nitamwambia. Ndiyo nakuambia.

Nimekumiss. Hata ule ukali wako.

Wiki ijayo naenda Mbeere, kwa wale watu wa soko uliowaahidi kuwapatanisha. Nakuahidi sitafungua mkutano mpaka kila upande uwe umeketi. Wewe lala sasa, Madam, umefanya ya kutosha. Lakini kama usingizi umekataa, na ukifika huko kabla yangu, tafadhali usisimame nyuma yangu. Keti mbele, nikuone.

Muthoni