Tumeshakula

Jumatatu, 6 Februari 1995
Mihadhara miwili asubuhi. Soko huria, mwaka wa pili. Mchana madodoso ya kile kijiji cha upande wa Mvumi. Wafadhili wanataka kujua kama kina chakula cha kufikia mavuno. Kama kinacho, mahindi ya ghala la kijiji yatauzwa kwa wafanyabiashara. Ripoti ina jina langu. Karibu kila kaya imejibu kwamba jana ilikula. Nimefurahi. Utafiti wangu wa kwanza tangu mke wangu Ruth afariki.

Jumatano, 8 Februari
Nimekumbuka nikiwa nafua shati. Tulipokwenda vijijini kuhoji watu, Ruth hakuwa akikaa nami barazani. Alisalimia, kisha akaenda nyuma kuwasaidia wanawake kupuliza moto. Huku Ugogoni mwenye nyumba hamwambii mgeni kwamba hana chakula. Aibu. Husema tumeshakula. Ruth alirudi akaninong'oneza: "Futa jibu hilo. Mafiga ni ya baridi."

Safari hii nilituma vijana wa kiume pekee. Hakuna aliyefika jikoni. Sikuwaza. Mke wangu ndiye aliyekuwa utafiti wangu, na nimelijua hilo leo.

Alhamisi, 9 Februari
Nimemwomba mratibu wa mradi turudie. Akacheka kwa upole. "Profesa, mtu ana njaa, anaulizwa, anasema ameshiba? Nani atatuelewa?" Ripoti ilishakwenda Dar es Salaam. Nimemwambia aliondoe jina langu. Akasema sawa, hata bila jina itapita.



Jumamosi, 11 Februari
Kijijini, na Dorka, mdogo wake Ruth. Nyumba ya kwanza ni ya Mama Yohana, mjane. Akatuwekea vigoda. "Karibuni. Msihangaike, sisi tumeshakula."

Dorka akamtania. "Mmekula bila kunisubiri, Mama Yohana? Basi nakuja kulamba sufuria." Akapita nyuma. Nikawasikia wanacheka. Kisha Dorka akarudi, akaninong'oneza alichokiona.

Jiko halijawashwa tangu juzi. Watoto wamekunywa mlenda mtupu, bila ugali. Nyumba nyingi tulizopita ni hivyo hivyo.

Jumatatu, 13 Februari
Nimepeleka barua wilayani mwenyewe, kuomba mahindi yasiuzwe. Karani kaipokea, kaiweka juu ya nyingine. Nimefundisha vibaya.

Ijumaa, 17 Februari
Malori ya wafanyabiashara yamepakia mahindi yote ya ghala. Wanakijiji ndio waliobeba magunia, kwa ujira. Barua haijajibiwa. Naichukia kazi hii.

Jumapili, 19 Februari
Manyunyu. Ruth alipenda kusimama mlangoni mvua ikianza, mkono mmoja nje.

Dorka ameondoka na debe la unga kwenda kwa Mama Yohana. Tuliwaza sana alipeleke vipi. Msaada Mama Yohana ataukataa, atasema wameshakula. Tumekubaliana aseme ni sadaka ya kumkumbuka dada yake. Kitu cha marehemu hakirudishwi.

Debe moja, kijiji kizima.

Nimebaki nasahihisha mitihani.