Shamsa Amekuulizia Kwenye Taa

Dada Mumbua,

Ni mchana. Wenzangu wa zamu ya asubuhi wameshaondoka na basi la kampuni, na chumba chetu hapa Muhaisnah kimebaki kimya. Ningepaswa kulala maana jioni naingia kazini. Usingizi umekataa, nikaona heri nikuandikie. Usiniulize kama nimekula. Nimekula.

Mwaka huu kampuni imenipanga bustani ya taa. Ndiyo, ile ile yetu. Msimamizi alikuwa anasoma majina kando ya basi, akasema tu, "Mutua, bustani ya taa, yalla, panda." Nilitaka kumwambia anipeleke kwingine kokote, hata jangwani nikalinde mabomba. Lakini ningemweleza nini? Kwamba dada yangu alipenda hapo? Nikapanda.

Unakumbuka mara ya kwanza? Nilikuwa ndio nimeingia Dubai, hata viatu vya kazi bado vinanibana. Madam wako alikuja na familia yote kutoka Al Twar, na wewe ukisukuma kigari cha Shamsa, akiwa mtoto wa kunyonya chupa. Ulinitumia ujumbe nikungoje ndani, karibu na tembo. Nilidhani ni mzaha mpaka nikamwona, tembo mzima wa waya na kitambaa, mrefu kama nyumba, anawaka kwa ndani. Ukacheka mpaka ukashika kiuno. "Mwana wa mama, hebu ona! Kwetu Kitui huyu tungemfukuza kwa kupiga mabati asitumalizie mahindi. Hapa watu wanapanga foleni kumwona!" Madam akageuka kuuliza kuna nini, ukamwambia, "Hakuna kitu, Madam, ndugu yangu anaogopa."

Baada ya hapo ikawa desturi. Joto likipungua, watu wa huku wakianza kuvaa makoti kwa baridi ambayo kwetu ni hewa tu ya asubuhi, ulikuwa unanipigia. "Taa zimefunguliwa. Omba ruhusa." Mwaka wa pili ulipewa siku yako, tukaenda wawili tu, ukavua viatu ukakaa kwenye nyasi chini ya maua makubwa ya zambarau. Miguu yako ilikuwa imevimba. Nilipouliza ukasema ni kusimama tu jikoni. Mwaka wako wa mwisho ulimshika Shamsa mkono, naye akawa anaongea Kiswahili kitupu, tena kile chako, na hizo "aiii" zako. Tulitembea kidogo ukaomba tukae. Tukatembea tena kidogo, ukaomba tukae. Ulisema ni uzee. Uzee gani, Dada, na wewe hata mvi hukuwa nazo?

Kisha ikaja simu ya Madam wakati wa joto kali. Umeanguka jikoni. Nilikuwa kazini, nikangoja mtu wa kunipokea, nikapanda teksi. Nilipofika hospitali nilimkuta Madam kwenye kiti cha plastiki, shela imemwanguka mabegani, analia bila kujificha. Sikuhitaji kuuliza. Daktari alisema ni moyo, na kwamba ulikuwa mgonjwa muda mrefu. Familia yao ilishughulikia safari ya mwili. Kampuni yangu haikuniruhusu kukusindikiza, kwa hiyo ulirudi nyumbani peke yako.

Mazishi niliyatazama kwenye simu, humu humu kitandani. Mtandao ulikuwa mbovu. Niliona kofia za watu, nikaona udongo mwekundu, nikasikia nusu ya wimbo. Halafu picha ikaganda kwenye uso wa mama, mdomo wazi. Ikakaa hivyo. Nilipopata laini tena watu walikuwa wanakunja viti.

Tangu hapo nimechoka. Sijui niseme vipi vingine. Nalala nikiwa nimechoka, naamka nikiwa nimechoka zaidi. Kazini nilimwambia kila mtu, "Nimepata msiba," wakaniambia pole, khalas, ikaisha. Na mama kila nikipiga simu ananiuliza, "Umeamkaje?" ananiambia, "Mungu akulinde," anakata. Wewe hukutajwa. Tulikuwa kama watu wawili wanaopishana mlangoni, kila mmoja amebeba kitu kizito, hakuna anayetaka kuuliza mwenzake amebeba nini.

Sasa kila jioni nazunguka kati ya hizo taa. Nikuambie, ukifika kabla hazijawashwa huwezi kuamini. Ni matambara yaliyojaa vumbi, nyaya zimechomoza, fundi yuko tumboni mwa simba na bisibisi. Wageni wakianza kuingia kila kitu kinawaka, watoto wanapiga kelele, na mimi nasema, "Usiguse, tafadhali. Usipande hapo, tafadhali." Nasema hivyo mpaka sauti inakauka. Sikutaka hata kuelekea upande wa yale maua ya zambarau. Mlinzi mwenzangu, Mganda mmoja mwenye huruma, tulibadilishana naye upande bila kuniuliza sababu.

Ijumaa moja nimesimama karibu na twiga, nikasikia mtu ananisalimia nyuma yangu kwa Kikamba.

"Wakya?"

Nikajibu "Aa" kabla sijafikiri. Kisha nikageuka. Hakuna Mkamba. Ni msichana wa Kiarabu, gauni refu, meno ya mbele ndio yanaota.

"Wewe ni Mutua," akasema kwa Kiswahili. "Mumbua ana picha yako kwenye simu."

Ana. Alisema ana.

Amerefuka, Dada. Usingemjua kwa mwili, lakini mdomo ni wako.

"Mumbua yuko wapi?" akaniuliza. "Mama anasema ameenda kwenu kupumzika. Sasa anapumzika mpaka lini? Kwani kwenu hakuna simu?"

Madam akatufikia wakati huo, anatembea haraka, amejua amechelewa. Akaniuliza kwa Kiingereza mtoto anasema nini. Nikamwambia, "Anauliza Mumbua atarudi lini, Madam."

Akatazama pembeni. Twiga alikuwa anabadilisha rangi, na uso wake ukabadilika naye. "Ananiuliza kila wiki," akasema. "Nimejaribu, nimeshindwa. Kwa Kiarabu maneno hayatoki. Mwambie wewe. Mwambie kwa lugha yake na Mumbua."

Mimi, Dada! Mimi ambaye sijawahi kulitamka neno hilo kwa mdomo wangu. Niliona heri anitume kuhamisha mchanga wa jangwa kwa kijiko. Lakini mtoto alikuwa ananitazama, na wewe ulimlea bila kumdanganya. Nikachuchumaa pale pale, na yunifomu yangu.

"Shamsa, Mumbua hatarudi. Alikufa. Moyo wake ulikuwa mgonjwa, ukasimama. Tulimzika kwetu, karibu na baba yetu."

Hakulia. Alikuwa anachezea uzi wa mkono wa gauni, anauvuta, anauvuta. Kisha akauliza kwa sauti ndogo sana.

"Ni kwa sababu ya uji?"

"Uji gani?"

"Asubuhi ile alinipa uji nikaumwaga. Nikamwambia sikupendi, rudi kwenu. Nikaenda shule. Nikarudi, hayupo."

Dada, nimesimama kwenye malango ya mji huu miaka yote hii. Nimetukanwa, nimepigiwa honi, nimeambiwa niondoke kivulini. Hakuna kilichowahi kunipiga pale uji ule uliponipiga. Mtoto amebeba kifo chako peke yake, amekibeba kwenye bakuli, na nyumba nzima haijui.

Nikamshika mabega. Nikamwambia ninachokijua. Kwamba moyo wako ulianza kuumwa kabla ya asubuhi hiyo, daktari mwenyewe alisema. Kwamba ulikuwa ukinipigia simu unisimulie utundu wake, unacheka mpaka huwezi kumaliza. Kwamba hata kama ungekasirika naye, ungekasirika kwa dakika ngapi wewe? Ulikuwa ukianza kukasirika unasahau. "Na ule uji," nikamwambia, "usijilaumu. Mumbua hakujua kupika uji tangu utotoni. Mama alikuwa anawapa kuku, na kuku wanaangaliana."

Akacheka, Dada. Alicheka mara moja, kama mtu aliyekwaruzwa. Kisha kilio kikatoka, chote, akaniegemea begani. Madam naye akakaa kwenye ukingo wa njia, abaya yake nzuri kwenye vumbi, watu wanapita na ice cream zao wanatuzunguka. Nikamweleza aliyosema mtoto. Akafunika uso.

Msimamizi wangu akatokea. "Security! Yalla, mbona umekaa?"

Madam akainuka taratibu, akamwambia kitu kwa Kiarabu. Nilichoshika ni "khalas" tu. Msimamizi akaenda zake.

Siku yangu ya mapumziko nilialikwa Al Twar. Mara hii niliingia kwa mlango wa mbele. Madam alisema Shamsa ameomba kuongea na mama yetu. Niliogopa, nikijua mama alivyo siku hizi, lakini nikapiga.

"Nyanya," mtoto akasema, "pole kwa Mumbua. Mimi ni Shamsa wa Mumbua."

Nikadhani mtandao umekatika tena. Halafu nikamsikia mama, kwa kile Kiswahili chake cha sokoni: "Ni nani huyu ananiongelesha na mdomo wa mtoto yangu?"

Wakaongea. Nakuambia wakaongea! Shamsa akauliza kuku ni wangapi na kama wanauma. Kisha akauliza kile ambacho mimi sikuthubutu kuuliza: "Nyanya, mlimzika vipi?" Na mama akamsimulia. Akamwambia nani alishika kichwa cha jeneza, na kwamba wanawake wa kanisa walikuja wamevaa vitambaa vyeupe. Akamwambia mvua ilinyunya kidogo, watu wakafurahi maana kwetu mvua hairudishwi. Akamwimbia wimbo uliokuzika, mwanzo hadi mwisho, sauti imekwaruzika. Nilikuwa nimesimama karibu na friji, kikombe cha chai mkononi kimepoa. Ndipo na mimi nikakuzika.

Mama alipomaliza akaniita simuni. "Mutua, mwanangu, na wewe umekula?" Akaanza kulia. Nikalia naye. Madam alimchukua mtoto akatuachia chumba.

Siwezi kukudanganya kwamba uchovu umeisha. Hata sasa mgongo unaniuma, na jioni nitasimama tena na kusema usiguse, tafadhali. Lakini tunakutaja sasa. Mama ananisimulia habari zako nyingine ambazo sikuwa nazijua, na Shamsa humpigia Ijumaa kabla ya chakula.

Mkataba wangu unaisha taa zikifungwa. Nimeomba likizo na safari hii wamekubali. Nitakuja, Dada. Sitakuja na hotuba wala na mashada. Nitafika nimechoka, na siku ya kwanza uniruhusu nilale. Asubuhi yake, mama akishakamua ng'ombe, nitamshika mkono tuje wote wawili tukae nawe mpaka jua liwe kali, na kama atataka kuimba nitaimba naye.

Pumzika, mwana wa mama. Mama usimwazie, nipo.

Ndugu yako,
Mutua