Friji Iliyojaa Soda

Chumba cha juu, nyuma ya duka la rangi
Jumapili asubuhi, tarehe 6

Shangazi yangu kipenzi,

Basi pale simu ilipokatika nilikuwa nakuambia kwamba hapana, sijasahau ahadi ya kuja kukuona, na hapana, mume wangu hanifichi. Lakini kwanza pokea salamu zangu. Hujambo? Na ule mgongo unaokuuma ukiinuka asubuhi, umepoa au bado unakusumbua? Sisi wazima. Mimi ndiyo nimenenepa kwa raha. Jamani Shangazi, "mume wangu"! Nikiliandika tu neno hilo, kalamu inacheka.

Kilichotuzuia kuja ni mkono wa mama mkwe. Aliteleza bafuni, akajizuia kwa mkono, kifundo kikavunjika kama kijiti. Kuanguka kwenyewe kulikuwa kudogo, ndiyo maana daktari akampima mifupa, akakuta imedhoofika. Akamuuliza, "Mama, kwa siku unakunywa nini?" Mama mkwe akajibu kwa fahari, "Soda. Mwanangu haniachi na kiu."

Na ni kweli! Unajua mume wangu ni fundi friji. Kila duka analotengenezea friji humpa soda za shukrani juu ya ujira wake. Yeye hanywi, zote humletea mama yake. Nilipoolewa nilikuta friji yetu imejaa soda nyeusi hadi mlangoni, maziwa hayana hata pa kukaa. Mimi bibi harusi nikaona huo ndio upendo, nikawa namfungulia mwenyewe kila anapokula.

Daktari alitueleza taratibu. Soda ya mara mojamoja haimvunji mtu, wala chai na kahawa za kiasi si sumu. Ila soda nyeusi ya kila siku haiisaidii mifupa hata kidogo, hasa inapochukua nafasi ya maziwa, na mwanamke aliyekoma hedhi ndiye mifupa yake hupungua haraka. Akampa dawa, akasema atembee, apate jua, anywe maziwa.

 Tulipofika nyumbani mume wangu akazitoa chupa zote, akasema tu, "Nilidhani namtunza." Nikampenda upya palepale, mbele ya friji tupu.

Kazi ikawa mama mkwe. "Maziwa? Mimi ndama?" Nikamchemshia na tangawizi. Akaonja, akakunja uso: "Mkwe, unataka kunizika na hata zawadi za harusi hamjamaliza kufungua?" Nikajaribu mtindi baridi wenye asali kidogo. Huo aliulamba mpaka kijiko! Tangu hapo, nikichelewa kuuleta, alikuwa anagonga meza kwa ile plasta ngumu aliyofungwa mkononi.

Mume wangu naye akawaomba wenye maduka wampe pakiti za maziwa badala ya soda. Weee! Mtaa mzima ukaamua nina mimba. Muuza nyanya ananiongezea nyanya, fundi viatu ananiita mama kijacho. Nikikana, wanakonyezana. Bado, Shangazi, bado! Ikiwa tayari utajua wewe kabla ya fundi viatu.

Juzi plasta imetolewa. Unakumbuka mama mkwe ni mshonaji, na hofu yake yote ilikuwa kwamba hatashona tena. Alikaa kwenye cherehani, akashona mshono mfupi, umepinda kama mkia wa mbuzi, akauinua tuuone. Mume wangu alitoka nje kujifuta macho. Daktari anasema mkono utapata nguvu kwa mazoezi, na mifupa nayo itunzwe kwa subira. Sasa anajipikia, tena anatufukuza: "Nendeni kwa shangazi yenu, mnanibana!"

Kwa hiyo jiandae. Sisemi mgongo wako ni mifupa, mimi si daktari, lakini na wewe soda unazipenda, nakujua. Nikifika tunakwenda wote kupima, nimekushika mkono, usinitolee visingizio.

Nisalimie Bibi, umwambie hereni zake zilining'aa masikioni siku ya harusi. Nisalimie binamu yangu Mrefu na mkewe, na mtoto wao Kibonge nibusie shavuni. Mungu akuweke wima, akupe asubuhi zisizo na maumivu.

Tandika kile kitanda cha wageni, Shangazi. Mwezi huu hauishi kabla mimi na mume wangu hatujabisha mlangoni kwako.

Ni mimi nikupendaye bila kipimo,
Bibi harusi wako