Resori ya Bunduki ya Papa

Makiso, Jumamosi

Kama Papa, baba yetu, angenigombeza, leo ningelala.

Ni mimi nilifungua bunduki yake ya upepo wakati alikuwa misa, nikafupisha resori, ile springi ya ndani inasukuma risasi, ili nguvu ipunguke. Risasi yake ilikuwa imetoboa bidoni ya maji ya jirani yetu, Mama Zaina, na mutoto wake alikuwa anachota maji palepale. Lakini kumuambia Papa aache? Nani? Tangu zamani njiwa ya Jumamosi ni yeye anapiga, na ni yeye anatugawia nyama.

Leo alilenga vizuri, niliona. Risasi ikamugonga njiwa kifuani. Njiwa akajikung'uta, akaruka.

Bunduki hata hakuiangalia. Aliangalia mikono yake.

Bon, tukakula pondu, majani ya muhogo, bila nyama. Halafu akaniita, akanipa bunduki.

"Kamata, mwana wangu. Macho yangu imeisha. Sasa ni wewe utagawia watu ya nyumba nyama."

Ni hapo ningemuambia ni resori, si macho yake.

Nikaipokea kwa mikono mbili, vile alitufundisha, nikamuambia: "Asante, Papa."