Wimbo wa Kumtoa Bibi Arusi

14/3/2016

Kwako Kaka,

Salamu nyingi. Sisi wazima, ila goti langu limeamua kuzeeka kabla yangu. Kifua chako je? Baridi ya huko bado haijakuchosha?

Juzi Jumamosi tulimwoza mjukuu wangu. Ulipofika wakati wa kumtoa chumbani, nikauanza wimbo wa mama, ule aliotufundisha. Meneja wa ukumbi akanizuia. Wimbo una mwenyewe, akasema, kibali hatuna, na yeye hataki kesi. Shangazi, na miaka yake themanini na ushei, akamuuliza huyo mwenyewe ni nani, maana hata bibi yake aliukuta ukiimbwa. Meneja akatuonyesha kwenye simu. Ni jina lako, Kaka, pamoja na la baba. Watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka. Binti akatoka kimya, kama anayekwenda kupanga foleni benki.

Niambie wamekosea.

Mdogo wako,
Chiriku

2/4/2016

Mdogo wangu Chiriku,

Nimefurahi kuuona mwandiko wako, ingawa habari zake zimeninyima usingizi. Kifua hunitii asubuhi tu.

Hawakukosea. Nilipourekodi huku, karani alinipa fomu yenye nafasi ya jina la mtunzi. Nikamwambia hakuna aliyeutunga, tumeukuta. Akasema nafasi haiachwi wazi. Nisipojaza mimi, atajaza mwenye studio. Nikajiambia mtunzi na mtunzaji si mbali, nami nautunza tu. Nikaandika.

Utetezi huo ungetosha kama nisingekuwa nikilitazama jina langu kila santuri ilipotolewa upya. Mrabaha wenyewe ulikuwa wa kununulia soksi. Nilichopenda ni kuitwa mtunzi na watu wasiomjua mama.

Nitaomba jina langu lifutwe, wimbo uwe wa wote. Ofisi ya hakimiliki inataka maneno yote, na ubeti wa tatu umenitoka. Nitumie. Na uniombee radhi kwa Shangazi.

Kaka yako

20/11/2017

Kwako Kaka,

Hujambo? Mimi sasa natembea na mkongojo, na bado mdomo unatangulia.

Barua ya ofisi ya hakimiliki imefika. Meneja ameisoma mara mbili na kuniomba msamaha. Lakini miezi ishirini ni mingi, na arusi hazikusubiri. Wasichana wamejifunza wimbo mwingine, wa redioni. Mzuri tu, sina ugomvi nao. Shangazi alitutoka mwezi wa sita. Ombi lako la radhi lilimfikia. Alisema, "Mwambie angeandika jina la mama."

Juzi palikuwa na arusi palepale ukumbini. Nikasimama, nikauimba wa mama, na ule ubeti wa tatu niliokutumia. Hakuna aliyenizuia. Wimbo ule unaujua, mmoja hutoa, wengine hupokea kiitikio. Wao walinyamaza wote kwa heshima, wakanisikiliza mpaka mwisho, wakanipigia makofi.

Mdogo wako,
Chiriku