Vidonge Nimeviona

Baba Watoto,

Chai iko kwenye chupa. Fundi bomba akija, mwonyeshe sinki linalovuja.

Vidonge vyangu vya usingizi nimevikuta ndani ya buti lako. Najua umevificha kwa sababu leo asubuhi niliamka na kizunguzungu nikaanguka bafuni. ~~Umenifanya mtoto mdogo.~~ Uliogopa, basi. Hata mimi, miaka minne ya kuvimeza inanitisha. Lakini kuviacha ghafla nako ni hatari, daktari alishatuonya. Nimeenda kwake na pakiti yote, na sirudi mpaka anipangie jinsi ya kupunguza kidogo kidogo.

Nguo uzianue mvua ikianza.

Na nikikosa usingizi, utakaa macho na mimi. Usijifanye unakoroma.

Mama Watoto